Kunyoa kichwa chenye pumu ya ngozi, hatua kwa hatua

Mimi ni kinyozi hapa Wete, Pemba, mwaka wa kumi na tisa huu nashika mashine. Na pumu ya ngozi ninayo tangu nikinyonya. Mama alikuwa akinivisha soksi mikononi usiku nisijikwangue. Kwa hivyo mtu akiingia, akatazama mlangoni kwanza, kisha akavua kofia polepole na kusema "Yakhe, zitoe zote", huwa sina haja ya kumhoji sana.

Jawabu langu la mwanzo karibu siku zote ni "Bado".

Kunyoa hakuponyeshi pumu ya ngozi, ule ugonjwa ambao vitabuni huandikwa ukurutu. Tatizo limo kwenye ngozi yenyewe, haishiki maji ipasavyo, na kinga ya mwili inashituka kwa vitu ambavyo kwa mwengine si kitu. Mara nyingi inatembea ndani ya ukoo pamoja na pumu ya kifua na mafua ya mzio. Haiambukizi. Nywele hazikuileta. Ila nywele zinazuia dawa isifike, zinashika jasho na magamba, na kucha zinapata pa kujificha. Ukinyoa umeifungulia dawa njia, na kama dawa yenyewe huna, utabaki na upara unaowasha.

Hatua ya 1: Jua kichwani mna nini

Wanaokuja kwangu wakisema "pumu ya ngozi" wengi hawana pumu ya ngozi. Mtoto wa skuli mwenye mabaka ya duara, nywele zimekatika usawa wa ngozi, hayo aghalabu ni mapunye. Mapunye ni fangasi, yanaambukiza, na dawa ya kupaka peke yake haiyatoi kwa sababu fangasi wamo ndani ya unywele. Anahitaji vidonge, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari. Magamba yenye mafuta, ya manjano, yanayoshuka mpaka kwenye nyusi na pembeni mwa pua, ni mba mzito, na huo hutulia kwa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2. Magamba mazito meupe kama chokaa, yenye mpaka ulio wazi, na viwiko na magoti nayo yana kama hayo, hapo daktari atafikiria soriasisi, ugonjwa mwengine wa ngozi.

Halafu kuna piko. Hapa kwetu nalisisitiza hili, maana harusi haziishi. Hina ya majani ikiwa safi hutoa rangi nyekundu ya kahawia na ni nadra kumdhuru mtu. Piko jeusi ni jambo jengine: huwa ni dawa ya kutia nywele weusi, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Mwili ukishaikataa mara moja, hausahau. Bibi harusi aliyetoka malengelenge mikononi kwa piko anaweza baada ya miaka kutia nywele rangi, na asubuhi akaamka macho yamefumba kwa uvimbe. Wanaume wanaotia ndevu rangi, nyinyi pia. Kama muwasho ulianza siku moja au mbili baada ya rangi, acha rangi kabla hujafikiria wembe.

Hatua ya 2: Simnyoi mtu anayevuja

Kichwa kikiwa kinatoa majimaji, kina ukoko wa rangi ya asali, kinauma badala ya kuwasha, au tezi za nyuma ya masikio zimevimba, huenda bakteria wameshaingia. Nenda spitali. Vikiwa ni vijilengelenge vidogo vidogo vinavyofanana, vyenye vijishimo kati au vilivyopasuka na kuacha vidonda vya duara, pamoja na homa, usingoje kesho. Huenda ni virusi vya malengelenge ya mdomo vilivyoenea kwenye ngozi mbovu, na dawa yake huanzwa siku hiyo hiyo, hasa vikikaribia macho. Ukiwa kusini kuna spitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Unguja kuna Mnazi Mmoja.

Kama ni pumu ya ngozi tupu, pata dawa kwa daktari, itumie mpaka wekundu ushuke na michubuko ifunge. Wengi huchukua wiki moja au mbili. Dawa za kichwani mara nyingi ni za maji, kama betamethasoni asilimia 0.1 (ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza wekundu na muwasho), kwa sababu krimu hukwama kwenye nywele.

Na hapa nitasema langu. Miaka iliyopita duka moja la dawa liliniuzia tyubu yenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali, bila hata kunitazama kichwa. Ilinipa raha siku tatu. Nikaendelea nayo mwaka mzima, kichwani, nikashusha kwenye kipaji, nikafika kwenye kope. Ngozi ya uso ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara, vimishipa vyekundu vinaonekana, na kila nikiacha inalipuka upya. Steroidi si sumu ukiitumia kwa kipimo na kwa muda ulioambiwa. Ila klobetasoli asilimia 0.05, steroidi kali sana, ambayo huchanganywa pia kwenye mikorogo ya kujichubua, haina kazi usoni.

Hatua ya 3: Punguza kabla hujatoa zote

Kichana cha mashine namba nne kwanza. Kaa nayo wiki mbili. Ukiona dawa sasa inafika na usingizi unakuja, pengine huna haja ya kwenda mbele. Wateja wangu watatu walioapa kwamba wanataka upara wameishia namba mbili, na wako salama.

Mwenye nywele ngumu za kusokotana kama zetu ana sababu ya ziada ya kutoshuka mpaka chini kabisa. Unywele uliokatwa usawa wa ngozi hujipinda ukaingia ndani, vikatoka vipele kisogoni, na kwa wengine vipele vile hugeuka makovu magumu yasiyotoka. Mimi kwa mtu wa pumu ya ngozi naacha milimita moja au mbili. Kwa mbali ni upara, na ukipitisha kiganja unasikia kama jamvi.

Hatua ya 4: Usiku wa kuamkia

Magamba makavu hayanyolewi, yatang'oka na ngozi. Usiku paka mafuta ya mgando, au mafuta ya nazi kama ngozi yako inayapokea, funga kitambaa cha pamba, lala. Kitambaa kilicholowa mafuta ya mgando hushika moto upesi, kwa hivyo kisikaribie jiko la mkaa wala sigara.

Usitie mafuta ya karafuu. Najua, tuko Pemba, na kila mzee ana chupa ya mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ya kuchulia kiuno. Yanababua. Ngozi iliyopasuka ikipata mafuta hayo utalia. Vivyo hivyo ndimu, kitunguu thomu na spiriti.

Asubuhi osha kwa maji ya vuguvugu. Sabuni ya mche iache kwa nguo. Tumia isiyo na manukato, kidogo, na magamba yaliyolainika yasukume kwa ncha za vidole. Yanayogoma yaache.

Hatua ya 5: Kunyoa kwenyewe

Wembe hapana. Wembe unakwangua ngozi ya juu, na ngozi ya juu ndiyo unayoitafuta wewe. Tena wembe wa kushirikiana unaweza kupitisha homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI kwenye vijitundu usivyoviona, na kichwa chako kimejaa vijitundu. Kama una mashine yako nyumbani, njoo nayo. Hakuna kinyozi wa maana atakayechukia.

Njoo baada ya alasiri, jua limepunguza makali, hasa miezi ya kaskazi. Mwambie kinyozi kabla hajawasha mashine: "Nina pumu ya ngozi, haiambukizi, usikandamize, na usinipake kitu mwisho." Ukimwambia katikati ya kazi, mkono wake umeshazoea mwendo mwengine.

Mimi nafanya hivi. Meno ya mashine nayasugua kwa brashi kavu kutoa nywele za mteja aliyetangulia, nayapangusa kwa spiriti, nangoja yakauke kabisa, natia tone moja la mafuta ya mashine. Najaribu mgongo wa mkono wangu kama yamepata moto. Mashine ya bei nafuu ikifanya kazi dakika kumi inaunguza, na mtu wa ngozi nzima hata hahisi. Navika kichana cha namba mbili na kunyoa kufuata unywele unakolala, kuanzia utosini kushuka, bila kuvuta ngozi. Pahala penye wekundu napita mara moja tu. Kisha, kama ngozi imevumilia, navua kichana na kupita tena juu juu, mashine nimeilaza. Nyuma ya masikio naacha mwisho, napo nakunja sikio kwa kidole badala ya kulisukuma kwa mashine, kwa sababu pale kwenye mkunjo ndipo pumu ya ngozi hupasuka, na damu ikitoka pale haisiti upesi.

Mwisho natikisa nywele kwa kitambaa laini. Brashi ile ya poda shingoni naiweka mbali, na poda yenyewe.

Hatua ya 6: Saa ya kwanza

Vipande vya nywele vinawasha kuliko maradhi. Osha hapo hapo kwa maji ya vuguvugu yasiyo moto, ukaushe kwa kubonyeza, na ngozi ikiwa bado na umande paka mafuta ya mgando, tabaka jembamba. Ukiwa una dawa ya steroidi ya kupaka siku hiyo, acha kama nusu saa kati ya mafuta na dawa.

Kipimo cha dawa, ikiwa uliyopewa ni krimu: ikamue juu ya kidole cha shahada, kutoka mkunjo wa pingili ya mwisho hadi ncha. Hiyo ni kama nusu gramu, inafunika eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Kichwa kizima cha mtu mzima kinachukua kama vidole vitatu. Watu wanaoogopa dawa hupaka punje moja na kusema haikusaidia.

Hatua ya 7: Wiki zinazofuata

Kichwa ambacho hakijaona jua miaka ishirini kitaungua hata kikiwa cheusi. Vaa kofia. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu kila kitu: kofia nzuri ya viua, imeshonwa kwa mkono miezi, mwenyewe haifui isije ikaharibika umbo. Jasho la Ijumaa linakutana na jasho la Ijumaa nyengine. Vaa ndani kikofia chepesi cha pamba, ukifue kila siku na kusuuza sana, ile ya viua ikae juu. Za nailoni na sufi ziache.

Maji ya udhu hayadhuru, yanadhuru yakikauka yenyewe. Ukishatawadha na kuswali, paka mafuta mikono na kichwa. Ukitoka baharini, ama kuogelea ama kwenye mwani, suuza chumvi kwa maji baridi kabla haijakauka juu ya ngozi. Msimu wa karafuu, anayepeta au kugeuza karafuu kwenye jamvi afunge kichwa, lile vumbi ni kali.

Kucha zikatwe. Muwasho ukija usiku, weka kitambaa kilichochovywa maji baridi kisha paka mafuta. Kujipigapiga ni afadhali kuliko kujikuna, ingawa mke wangu anasema nalala kama mtu anayepiga dufu.

Dada zangu

Mwaka juzi binti mmoja alikuja nyumbani na kaka yake, si saluni. "Shikamoo ami." Marahaba. Alikuwa na nywele mpaka mabegani na chini yake ukoko mtupu, mtandio umegandia. Alitaka kunyoa, na mama yake kamkataza kwa kusema mwanamke hanyoi. Nilimwambia la sheria akamuulize shekhe, aeleze kwamba ni maradhi, kwani wanavyuoni wanatofautisha pambo na dharura. Kwenye hija yenyewe, Sura ya Al-Baqara aya ya 196 inamtaja mwenye udhia wa kichwa aliyemo kwenye ihramu, na kumpa njia ya kunyoa kwa fidia.

Lakini pia nilimwambia, mwanangu, huenda tusifike huko. Mke wangu alimkata kwa mkasi zikabaki kama vidole viwili, wakamgawia kichwa kwa mistari ya kitana, wakatia dawa ya maji kwenye kila mstari, wakaacha misuko ya kukaza na dawa za kulainisha nywele. Mtandio ukawa wa pamba, na akifika ndani auvue. Baada ya mwezi ukoko ulikuwa umebaki nyuma ya sikio moja. Hakunyoa. Mwengine alinyoa, akakaa na milimita tatu chini ya mtandio mwaka mzima, na watu wa mtaani hawakujua.

Mara ya pili

Usirudi wiki inayofuata. Wiki tatu mpaka nne zinatosha, na kila mara tazama kwanza hatua ya pili. Ukikuta kumeamka, ahirisha, zikue. Mimi mwenyewe mwezi huu sijanyoa: kipupwe kimekausha ngozi, kuna pahala juu ya shingo panavuja, na wateja wananiuliza kinyozi gani huyu mwenye kichwa kama msitu wa Ngezi.