Anza na barua za bure

Kabla hujatoa pesa kwa kitabu kingine cha "siri za soko la hisa", fungua tovuti ya Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani. Barua za Warren Buffett, mwekezaji aliyeiongoza kwa miaka mingi, kwa wanahisa zimewekwa pale bure, kuanzia ya mwaka 1977. Ukurasa wenyewe ni mkavu kweli, hauna hata picha, kwa hiyo usidhani umepotea njia.

Mimi ningeanza na ya 2007. Humo anaeleza alivyonunua kampuni ya viatu ya Dexter mwaka 1993, akalipa kwa hisa za Berkshire badala ya fedha taslimu. Dexter ikapoteza thamani yote, huku zile hisa alizotoa zikizidi kupanda. Anakiri kuwa ndiyo biashara mbaya kuliko zote alizofanya hadi wakati huo. Waandishi wangapi wa vitabu vya utajiri wamewahi kukwambia walipoumia?

Soma moja kwa wiki, kalamu mkononi. Sehemu ndefu za bima ziruke kwanza. Na habari za kodi ni za Marekani. Hazikuhusu ukinunua hisa Dar es Salaam au Nairobi.