Olvera Street: anza na nyumba, maduka baadaye

Ukifika Los Angeles na unataka kuona Olvera Street, mtaa wa kale wa Wameksiko, shuka treni Union Station, vuka barabara ya Alameda, kisha pita vibanda vyote bila kusimama mpaka Avila Adobe. Ni nyumba ya matofali ya udongo ya mwaka 1818, na kuingia ni bure. Nenda asubuhi, maana vyumba ni vidogo na watu kumi tu wanavijaza. Ukitoka humo, mtaa unausoma vingine: ile mistari ya matofali inayokata njia mshazari, ambayo wengi wanaikanyaga wakipiga picha za kofia, ni alama ya Zanja Madre, mfereji uliowaletea maji walowezi wa kwanza wa mji huu. Bila hivyo utaona soko la watalii tu, lililofunguliwa 1930.

Mbinu hii haifai siku za Día de los Muertos, sikukuu ya Wameksiko ya kuwakumbuka wafu, mwishoni mwa Oktoba hadi 2 Novemba. Umati unakuwa mkubwa mno. Na mchoro wa ukutani wa 1932 ulioko hapo, kazi ya msanii wa Meksiko Siqueiros, una saa zake za kutazamwa. Ziangalie kabla hujatoka. Taquito, yaani chapati za mahindi zilizoviringishwa na nyama na kukaangwa, za mchuzi wa parachichi zinasubiri.