Kujiunga na Chuo Kikuu Nchini Japani kwa Mwanafunzi wa Kigeni

Kabla hujachagua chuo, amua utasoma kwa lugha gani, kwa kuwa uamuzi huo ndio utakaopanga mitihani yako na muda wa maandalizi. Shahada nyingi za kwanza hufundishwa kwa Kijapani, na vyuo vingi humtaka mwombaji wa kigeni afanye EJU, mtihani wa Japani wa kujiunga na vyuo vikuu kwa wanafunzi wa kigeni, unaotolewa Juni na Novemba kila mwaka. Programu za Kiingereza zipo, hasa katika shahada ya uzamili. Hata kama utasoma kwa Kiingereza, anza kujifunza Kijapani ukiwa bado nyumbani, maana mkataba wa nyumba na barua za manispaa mara nyingi huja kwa Kijapani kitupu.

Ada ya kawaida katika vyuo vikuu vya taifa ni yeni 535,800 kwa mwaka, na juu yake kuna yeni 282,000 za kuingia chuoni zinazolipwa mara moja. Baadhi ya vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Tokyo, vimepandisha kiwango hicho. Asiye na uwezo huo aombe ufadhili wa serikali ya Japani, uitwao MEXT, unaolipia ada, nauli na posho ya kila mwezi. Maombi hupitia ubalozi wa Japani, kama ule wa Dar es Salaam au Nairobi, takriban mwaka mmoja kabla ya safari, kwa hiyo vyeti na barua za walimu zitafutwe mapema.

Kwa anayejilipia, chuo kikishamkubali humwombea idara ya uhamiaji cheti cha ustahiki, ambacho kwa kawaida hudumu miezi mitatu, naye hukipeleka ubalozini kuombea viza.

Katika viwanja vikubwa vya ndege utapewa kadi ya ukaazi, na hapo hapo unaweza kuomba kibali cha kufanya kazi. Ukishapata makazi, una siku 14 za kuandikisha anwani yako manispaa. Siku hiyo hiyo jiunge na bima ya taifa ya afya, ambayo hukuachia asilimia 30 tu ya gharama za matibabu, na kama umetimiza miaka 20, ulizia msamaha wa michango ya pensheni.

Kibali cha kazi kinaruhusu saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, zikijumlishwa kazi zote ulizo nazo. Usipange kulipia ada kwa saa hizo, kwani anayezizidisha anaweza kunyimwa nyongeza ya muda wa viza yake.