Nyumba ya wazazi mlimani Bukavu: kumpa fundi kazi ukiwa mbali

Mwanadiaspora wa Bukavu anapofikiria kurekebisha nyumba ya wazazi waliozeeka, wazo linalomjia kwanza huwa ni njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu, kama zile anazoziona kila siku mbele ya maduka na zahanati za Brussels au Montréal. Katika mji uliopanda milima juu ya Ziwa Kivu, wazo hilo mara nyingi hukwama kwenye hesabu. Kanuni inayotumika kwingi duniani ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda idai angalau sentimita 12 za urefu. Nyumba ya mtaa wa Cimpunda au Nyamugo yenye vidato 8 vya sentimita 17 imepanda sentimita 136, kwa hiyo mteremko wake ungehitaji zaidi ya mita 16, kabla hata ya kuhesabu mahali pa kupumzikia na pa kugeuzia kiti. Parseli nyingi, yaani viwanja vya nyumba, hazina nusu ya nafasi hiyo. Fundi anayekubali kuubana mteremko huo katika mita 5 anajenga mahali ambapo mama yako atateleza siku ya mvua, na fundi wa namna hiyo ni wa kumwacha hata kama bei yake inavutia.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kumtafuta fundi, jua kwanza mzazi anapita wapi tangu anapoamka hadi anapolala. Mpigie simu umuulize yeye mwenyewe, kwa heshima na bila haraka: usiku anakwenda chooni mara ngapi, anashika nini anapoinuka kitandani, ni kidato gani kinachomtia hofu, na ni wapi angependa kwenda lakini ameacha kwenda. Wazee wengi hawapendi kusikia kwamba watoto wameamua nyumba yao ibadilishwe, na wana haki, kwa kuwa nyumba ni yao. Mama atakayejibu kwamba yeye si mgonjwa huenda akaeleza mwenyewe, ukimwachia nafasi, kwamba ameacha kwenda misa ya asubuhi kwa sababu ngazi za kutokea barabarani hazina pa kushika. Hapo umeshajua kazi inaanzia wapi.

Ikiwa mzazi amepata kiharusi, amevunjika nyonga au magoti yamechoka sana, mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo aitembelee nyumba kabla ya mwashi. Bukavu ina kituo cha Heri Kwetu, ambacho kimewahudumia watu wenye ulemavu kwa miaka mingi, na hospitali kubwa za mji nazo zina wataalamu wa aina hiyo. Ziara moja ya mtu anayejua mwili unavyoinuka na kugeuka hugharimu kidogo kuliko choo kilichojengwa upande usiofaa na kubomolewa baadaye.

Pale mteremko usipowezekana, tengeneza ngazi upya. Kidato kizuri kwa mzee kina kimo cha sentimita 15 hadi 17 na upana wa kukanyagia usiopungua sentimita 28, na vidato vyote viwe sawa, maana mguu huzoea kimo cha kidato cha kwanza na hujikwaa kwenye kile kinachotofautiana. Uso wake usilainishwe ukang'aa. Fundi aukwangue kwa ufagio mgumu saruji ikiwa bado mbichi, ili ubaki na mikwaruzo. Ndugu wengi hupenda marumaru zinazometa barazani kwa sababu zinapendeza kwenye picha, lakini zikilowa haziwafai wenye umri wa miaka 80. Baada ya vidato vichache pawe na kituo kipana chenye benchi la saruji, na pande zote mbili za ngazi ziwe na reli ya kushika, yenye kimo cha sentimita 85 hadi 95, inayoendelea sentimita 30 mbele ya kidato cha mwisho, ili mkono usiachiwe kabla mguu haujafika. Bomba la chuma la inchi 1, ambalo kwa nje lina unene wa milimita 34 hivi, linashikika vizuri. Nguzo zake zizamishwe katika zege. Kupigilia misumari kwenye ukuta wa mbao hakutoshi. Kama ukuta ni wa mbao, chuma kifungwe kwa bolti zinazopita hadi upande wa pili na kubanwa na ubao mzito.

Ikiwa kuna kizingiti kifupi tu, cha sentimita 10 au 20, mteremko unawezekana, na njia ya kuukagua ni rahisi. Fundi aweke juu yake ubao ulionyooka wenye urefu wa sentimita 120, auweke sawa kwa pimamaji, kisha apime pengo lililobaki chini ya ncha ya upande wa bondeni. Pengo likizidi sentimita 10, mteremko ni mkali mno. Mwombe apige picha futikamba ikiwa mahali pake, tarakimu zikisomeka.

Choo ndicho mahali ambapo ningetumia fedha nyingi kuliko pengine popote, hata ikibidi sebule ibaki na rangi yake ya zamani. Wazee wengi wa Bukavu bado wanatoka nje usiku kwenda choo cha uani, kwenye matope, bila umeme. Kama maji na nafasi vinaruhusu, choo kiletwe ndani au kishikane na chumba cha kulala. Kama haviruhusu, njia iwe ya saruji, iwe na kamba au reli mfululizo, na taa ya sola inayojiwasha mtu anapopita, kwa kuwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hauna ratiba ya kutegemewa. Choo cha kuchuchumaa kiongezewe kiti imara. Kimo chake kitokane na kipimo cha mzazi, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti akiwa amevaa ndala zake. Chuma cha kushika kiwe upande wa mkono wenye nguvu. Mlango uwe na upenyo wa sentimita 80 au zaidi na ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani ya choo kidogo mwili wake huuzuia mlango unaofungukia ndani, na wanaokuja kumsaidia hulazimika kuuvunja.

Kupanua mlango si kazi ya kuachiwa msaidizi wa fundi. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye kipimo cha 5.9, liliharibu nyumba nyingi za Bukavu, na nyufa nyingine zilifunikwa tu kwa lipu na rangi. Ukuta uegemezwe kabla ya kukatwa, na linta mpya, boriti inayobeba ukuta juu ya mlango, ilale angalau sentimita 20 kila upande wa mlango. Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba nao usijengwe bila matundu ya kutolea maji, kwa sababu maji yanayokosa pa kutokea huusukuma mpaka ulale.

Sasa fundi. Omba majina matatu kutoka kwa watu wasiofahamiana, kisha mtume mtu akatazame kazi iliyokwisha kupitia msimu mmoja wa mvua, na azungumze na mwenye nyumba bila fundi kuwapo. Kila fundi aandike makadirio yanayotenganisha vifaa na malipo ya kazi, kwa idadi na vipimo: mifuko mingapi ya saruji ya kilo 50, nondo za unene gani, mabomba mangapi. Makadirio yanayosema tu "ukarabati wa ngazi" na jumla ya dola hayawezi kukaguliwa na mtu yeyote. Angalia pia kama yamehesabu wabebaji. Sehemu nyingi za Kadutu na Bagira gari haliwezi kufika kwenye parseli. Mchanga, mawe na saruji hupanda au kushuka kichwani, na gharama hiyo ikisahaulika mwanzoni, kazi husimama katikati na simu huanza kulia.

Mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja, usainiwe mbele ya mzazi na chefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa. Uonyeshe kazi, vipimo, tarehe, awamu za malipo, na nani atamtibu kibarua akiumia. Hati nyingine fupi iwe ya familia: ndugu wote wajue kwamba fedha hizo ni msaada kwa mzazi, na kwamba hazimpi aliyezituma sehemu kubwa zaidi ya parseli siku ya urithi. Ni vigumu kulisema jambo hili mzazi akiwa hai, lakini nyumba zilizorekebishwa kwa upendo zimeishia mahakamani kwa sababu halikusemwa.

Tangu benki za Bukavu zilipofunga milango Februari 2025, fedha nyingi hupitia kwenye simu. Uliza makato ya wakala kabla ya kutuma, na uyaweke kwenye bajeti. Vifaa vilipwe moja kwa moja dukani, na risiti ipigwe picha pamoja na mzigo wenyewe; fundi alipwe kazi yake tu, kwa awamu zinazofuata kazi iliyokaguliwa. Sehemu kubwa ya saruji hupita mpakani, kwa hiyo bei ya mwezi uliopita si ahadi.

Anayesimamia asiwe yule yule anayenunua. Mpwa anaweza kununua, na mwalimu jirani akakagua. Wote wawili wapewe kitu kidogo kwa muda wao, kwa sababu msaada wa bure huchoka haraka. Mkaguzi atie mchanga kwenye chupa ya maji, aitikise, aiache itulie mpaka kesho yake: tabaka la tope likizidi sehemu 1 kwa 10 ya mchanga, urudishwe. Ahakikishe pia kwamba zege linamwagiliwa maji kwa siku 7, na maji ya kazi hiyo yawekwe akiba kwenye mapipa, maana bomba la REGIDESO, shirika la maji, linaweza kukauka wiki nzima.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo bora kwa kazi za nje, na mafundi wazuri hushikwa mapema, kwa hiyo makubaliano yafungwe kufikia Aprili. Kabla ya awamu ya mwisho, kijana mwenye nguvu aning'inie kwenye kila chuma cha kushika, kisha mzazi mwenyewe apite njia yote, mchana na usiku, akisema panapomsumbua. Asilimia 10 ya malipo ya kazi ibaki mkononi mwako mpaka mvua kubwa ya kwanza ya Septemba iwe imenyesha na mkaguzi ametazama maji yameelekea wapi. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, ili fundi asilione kuwa ni dhuluma.