Kutunza Mizabibu na Bustani Ndogo ya Dodoma Wakati wa Joto Kali

Mkoani Dodoma joto hupamba moto mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua za Desemba hazijatulia, nalo huikuta mizabibu mingi katika hali yake dhaifu kabisa: imepogolewa majuma machache yaliyopita, machipukizi bado ni mororo, na vichala ndiyo kwanza vinachanua au vinashika punje. Mavuno ya Februari na Machi huamuliwa katika majuma hayo. Kwa mwenye shamba dogo la mistari michache na bustani ya mboga kando yake, naamini hasara kubwa haitokani na jua peke yake, bali na mikono yetu inayotaka kuusaidia mmea kwa namna isiyofaa.

Kosa la kwanza ni kuondoa majani. Mimi mwenyewe niliwahi kupunguza majani yaliyozunguka vichala mwezi wa Novemba, nikiamini kwamba hewa ikipita vizuri ukungu utapungua, na baada ya siku chache punje zote za upande wa magharibi zilikuwa na madoa ya kahawia, zimesinyaa na kuwa ngumu. Jua la kuanzia saa 8 mchana ndilo linalounguza zaidi, kwa sababu hukuta hewa na udongo vimekwisha kupata moto. Acha majani yote ya upande huo, hata yale yanayoonekana kuwa mengi mno. Ukilazimika kupunguza, punguza machache ya upande wa mashariki, ambako jua la asubuhi ni la upole. Machipukizi marefu yafungwe kwenye waya ili yatie kivuli, yasikatwe.

Kuhusu maji, usihukumu mzabibu kwa sura yake ya mchana. Majani yanayolegea saa 8 na kusimama tena jioni yanajilinda tu, lakini yakiwa bado yamelegea alfajiri, mmea una kiu ya kweli. Dalili ya mapema zaidi iko kwenye ncha za machipukizi: vile vijikamba vinavyojisokota kwenye waya vikianza kuning'inia na ncha ikiacha kurefuka, mwagilia. Chimba kwanza kwa kijiti hadi sentimita 20 au 30, kwa maana udongo wa kichanga huweza kuwa mkavu juu na bado una unyevu chini. Kisha mwagilia alfajiri, polepole na kwa wingi, ukiacha siku kadhaa zipite kabla ya kurudia. Kunyunyizia kidogo kila jioni huifundisha mizizi kukaa juu, mahali ambapo joto huikausha kwanza. Kwa asiye na mipira ya matone, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa tundu dogo chini na kuwekwa kando ya mche hufanya kazi ileile. Ikiwa maji ya kisima chako yana chumvi, yasiguse majani. Kingo zinazokauka kama zilizoungua mara nyingi ni alama ya chumvi, wala si kiu.

Funika udongo kwa nyasi kavu, mabua ya mtama au maganda ya karanga, unene wa sentimita 7 hadi 10. Hakuna kazi nyingine inayolipa kama hii. Hata hivyo mchwa wa Dodoma hupenda mabua, kwa hiyo acha nafasi ya shibiri moja kuzunguka shina na uchunguze chini ya matandazo kila juma. Mbolea ya chumvichumvi na samadi mbichi visubiri joto lipungue. Salfa ya kuzuia ubwiri unga, yaani ukungu mweupe kama unga, ipulizwe asubuhi na mapema, na siku inayotazamiwa kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 30 isipulizwe kabisa, kwa kuwa huunguza majani na punje changa.

Katika bustani, mboga huhitaji mpango tofauti, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi na haiwezi kungoja siku kadhaa kama mzabibu. Bamia na mlenda huvumilia. Mchicha hutaka maji kila siku na kuvunwa kabla ya saa 2 asubuhi, ukiwa bado umejaa maji. Nyanya hudondosha maua joto linapopita nyuzi 32 hivi, na maji yasiyo na mpangilio huzifanya zioze kitako. Zijengee kichanja cha nyasi upande wa magharibi, chepesi kiasi cha kupitisha mwanga. Matuta nayo yapanuliwe na kuzamishwa kidogo chini ya usawa wa njia, ili kila ndoo inayomwagwa ibaki pale pale ilipomwagwa.

Kazi zote hizi zimalizike kabla ya saa 4 asubuhi. Anayefanya kazi peke yake awe na maji ya kunywa karibu, na kizunguzungu kikianza aache jembe papo hapo na kwenda kivulini.