Kutibu jeraha la ngozi ya chatu anayefugwa
Ndugu zangu mnaofuga chatu kwa kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) hapa Kisumu, jeraha dogo la ngozi, kama lile la kuumwa na panya aliyetiwa kizimbani akiwa hai, lisafisheni kwa povidoni-ayodini, dawa ya kuua viini, iliyozimuliwa kwa maji safi hadi ifanane na chai nyepesi ya rangi, wala msitumie spiriti. Ondoeni maranda yote na mtandike magazeti makavu, kwa kuwa unyevu wa huku ziwani huchelewesha kidonda kukauka, nalo joto lisipungue, maana nyoka aliyepoa haponi upesi. Malhamu yenye dawa ya ganzi msipake kamwe. Jeraha likifika kwenye nyama au likitunga usaha, nawasihi mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.