Somo: Picha ya kumeza bariamu kwa magonjwa adimu ya umio

Bariamu ni kimiminika cheupe ambacho mgonjwa humeza ili umio (mrija wa chakula) uonekane kwenye eksirei. Kabla ya kuwasha mashine, muulize mgonjwa: kinachokwama ni chakula kigumu tu, au hata maji? Kikiwa kigumu peke yake, shuku njia imebanwa. Kama ni vyote viwili tangu mwanzo, shuku misuli.

Hatua ya 1. Ukihisi umio umetoboka, weka bariamu kando. Ikivujia kifuani huleta balaa. Tumia dawa ya ayodini, ile ya osmolali ndogo (isiyovuta maji sana), maana ile ya osmolali kubwa mgonjwa akipaliwa nayo hujaza mapafu maji.

Hatua ya 2. Asimame, ameze, nawe utazame koo kwa mbele na kwa ubavuni. Rekodi video, kwani koo humaliza kazi kwa kama sekunde moja. Kifuko cha Zenker (ukuta wa koo uliotuna kama mfuko) hutokeza hapa, upande wa nyuma.

Hatua ya 3. Mlaze kifudifudi, ameinuka ubavu mmoja kidogo. Funda moja, kisha subiri kama nusu dakika. Hapa ndipo haraka hutuponza: funda la pili likiwahi, huzima wimbi la misuli lililoanzishwa na lile la kwanza, nawe unaandika misuli ni dhaifu kumbe umeivuruga mwenyewe. Rudia mara 5. Mikazo isiyo na mpangilio huweza kuupinda umio kama skrubu. Kwenye akalasia (ugonjwa ambao mlango wa chini wa umio haulegei kupitisha chakula) wimbi halipo, umio huwa umetanuka, na chini umechongoka kama mdomo wa ndege.

Hatua ya 4. Ukishuku akalasia, msimamishe anywe, upige picha dakika ya 1, 2 na 5, upime kimo cha bariamu iliyobaki. Malizia kwa kidonge cha bariamu cha milimita 13. Hukwama kwenye pete (mkunjo wa mviringo unaobana umio) ambayo kimiminika kiliipita kimyakimya.

MASWALI

Nikiona mdomo wa ndege, niandike akalasia?
Andika "inaelekea". Saratani ya mlango wa tumbo huiga sura hiyo hiyo, hasa kwa mzee aliyekonda ghafla. Endoskopi (kutazama ndani kwa kamera) ni lazima, na manometria (kipimo cha mgandamizo wa misuli ya umio) ndiyo huthibitisha.

Umio umebonyezwa kwa nyuma, kwa mshazari, lakini endoskopi haikuona ugonjwa.
Fikiria ateri ya mkono wa kulia iliyopita nyuma ya umio. Omba siti skani ya mishipa.

Pete nyingi kwa kijana mwenye pumu?
Huenda ni uvimbe wa umio wa esinofili (chembe nyeupe za damu zinazohusiana na mzio). Picha haitoshi, zinahitajika biopsi (vipande vidogo vya ukuta wa umio) angalau 6, juu na chini, hata kama ukuta unaonekana mzima.